Goti Langu, Goti la Mama na Sanduku la Mananasi

Wapendwa, mimi naitwa Kariuki, na habari yangu ni ya magoti. Najua magoti si habari kubwa. Lakini wengi wenu mnashika ukuta mkitaka kuinuka, nami nilikuwa hivyo hivyo, tena kijana.

Kabla ya hapo nilikuwa na miguu ya kuringia. Nilifanya kazi Thika, katika kiwanda cha kutia mananasi kwenye mikebe, nikapanga chumba mtaa wa Kamenu. Kila Jumamosi nilipanda baiskeli yangu nyeusi kwenda kwa mama, Ruiru, na njiani nilijiona nimeshinda mashindano ya kwenda Kisumu na kurudi. Nilipungia watu mkono. Wasipokuwepo watu, nilipungia miti ya kahawa.

Siku moja kiwandani nilishindana na mwenzangu, nani atavuka sakafu haraka akiwa na sanduku begani. Sakafu ilikuwa imelowa maji ya mananasi. Mguu wa kulia ulikwenda, mwili ukabaki. Nilisikia goti likilia ndani kama kijiti kibichi. Kufika jioni lilikuwa limevimba, ngozi inang'aa, siwezi kulikunja. Hospitalini daktari alilitoa maji kwa sindano nene, maji yenye damu.

"Mfupa ni mzima," akasema. "Ndani ndiko kumeraruka. Pumzika, halafu ufanye mazoezi ya mguu nyumbani. Lakini goti lisibebe mwili."

Hilo la mwisho lilipita sikio hili likatokea lile. Mimi neno mazoezi lilinitosha. Nilinunua kamba ya kuruka, kwa sababu niliwahi kuona mabondia wakiruka. Siku ya tatu suruali ilikataa kupita gotini. Nikaacha kamba, nikapata sanduku la mananasi la mbao nene, nikalipindua kando ya kitanda, nikawa napanda na kushuka mpaka jasho linitoke. Kupanda kulikuwa na nafuu. Kushuka ndiko kulikonitoa machozi, kama msumari chini ya pia ya goti. Maji yakarudi.

"Unafanya nini huko nyumbani?" daktari akauliza. Nikamweleza habari ya sanduku. Akashika kichwa. "Kijana, ukishuka, goti hilo moja linabeba uzito wako wote. Nilikuambia nini?"

Nikakata tamaa. Niliikokota baiskeli mpaka kwa fundi Harnam, Kalasinga mwenye duka la baiskeli pale mjini, nikamwambia anitafutie mnunuzi.

"Wewe nauza baiskeli, halafu mguu napona na nini?" akasema. Aliisimamisha kwenye stendi, gurudumu la nyuma likawa hewani, akanipandisha. Akaangalia goti langu likizunguka, akacheka. "Hii kiti ya mtu naogopa kuanguka! Goti nakunja kama panzi."

Ni kweli. Sisi wote tulikuwa tunaweka kiti chini ili tukisimama miguu yote miwili ifike ardhini.

"Sasa baiskeli haendi popote," Harnam akasema. "Wewe naanguka wapi?"

Akainua kiti mpaka pedali ikiwa chini mguu wangu ukawa karibu kunyooka. Uchungu ukapungua hapo hapo. Nilirudi nayo chumbani, nikaisimamisha kwenye stendi yake, nikaanza na dakika tano, baadaye kumi. Nilipita Naivasha, nikapita Nakuru, wala sikutoka Kamenu. Miezi mitatu baadaye nilishuka ngazi bila kushika kitu.

Laiti ningeweza kumalizia hapa.

Mama yangu alikuwa mchuma kahawa Ruiru, na magoti yake yalimsumbua miaka mingi. Wakati huo emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, ilikuwa inalegea, na tukapata habari kwamba baba, aliyekuwa kizuizini, ataachiliwa. Mama akanishika mkono. Yeye huniita baba, kwa kuwa nina jina la babake.

"Baba," akaniambia, "sitaki anikute nimekaa kama mzigo. Nataka nimpokee pale stesheni kwa miguu yangu."

"Maitu, mama yangu, dawa ninayo," nikasema, nikijaa furaha.

Jumamosi nilisimamisha baiskeli kwenye stendi mbele ya nyumba. Ilikuwa ya kiume, ile yenye chuma katikati. Mama hakusita. Alikusanya sketi, akapanda, akaanza kuzungusha huku akicheka. Wanawake waliokuwa wakichota maji wakaweka madebe chini.

"Wanjiru, unakwenda wapi na huyo farasi?"

"Nairobi! Niwaletee sukari?"

"Ulete bwana mwingine pia!"

Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Wazee wa kanisa walikuwa wanapita, na niliona mmoja akigeuza uso. Nikaona haya, mama yangu ametanua miguu mbele ya watu.

"Maitu, shuka," nikasema.

"Kwa nini, baba? Goti linasikia vizuri."

"Hii ni ya wanaume. Nitakuletea ya wanawake."

Juma lililofuata nilimletea sanduku la mananasi. Lile lile. Nilijua lilichonifanya, nikajiambia yeye atapanda polepole, tena ndani ya nyumba, hakuna wa kumwona.

Mama alinitii kuliko mimi nilivyomtii daktari. Alipanda na kushuka kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma. Goti lilimuuma, lakini hakuniambia, asinivunje moyo. Juma la tatu, akishuka, goti lilikataa. Akaanguka kwa ubavu. Nilimkuta goti limevimba, halinyooki wala halikunjiki. Hospitalini daktari aliniambia lilikuwa limelika zamani, na sasa limeraruka pia.

"Nani alimpa mama huyu kitu cha kupanda?"

"Nilijipa mwenyewe," mama akajibu haraka.

Nami nikamwacha abebe kosa langu.

Nilimweleza Harnam yote. Hakunitania. Alikata pedali pamoja na kipande cha fremu kuukuu, akazifunga kwenye ubao mzito kwa bolti, ili mtu akae kwenye kiti cha kawaida, chombo kikiwa mbele yake, na leso juu ya miguu. "Hii kazi ya asubuhi moja tu," akasema. "Kwa nini hukuja?" Nikampelekea mama chombo hicho.

Baba alifika kabla goti halijapata nguvu. Nilimpokea stesheni peke yangu. Akaangalia nyuma yangu.

"Mama yako?"

"Yuko nyumbani, baba. Mguu."

Mama alituona tukija, akashika mwimo wa mlango, akasimama. Mguu ukaanza kutetemeka. Baba akaangusha mzigo wake, akamshika.

"Kaa, Wanjiru. Nimekuja."

"Nilitaka kuja stesheni," mama akasema, akalia.

Siku chache baadaye, alipokuwa akizungusha pedali zake, nilimwambia ukweli, kwamba baiskeli haikuwa na kosa, mimi niliona haya. Aliendelea kuzungusha kidogo.

"Nilijua," akasema. "Niliona macho yako, baba. Ndiyo maana nilishuka."

Leo anafika bombani na kanisani kwa fimbo. Stesheni hafiki.

Wewe mwenye magoti mabovu, kabla hujachagua chombo cha kufanyia mazoezi nyumbani, uliza kwanza mwili utabebwa na nini. Kama ni kiti, jaribu. Kama ni goti, kiache hata ukipewa bure. Kiti kiwe juu, mguu ukaribie kunyooka. Anza na dakika chache, na goti likiamka limevimba, ujue jana ulizidisha. Na ukimchagulia mzazi, muulize yeye anavyosikia, kisha mwamini. Majirani wataona wanachotaka kuona.

Nawashukuru daktari na fundi Harnam. Baiskeli bado naipanda, wala siumwi. Kwa goti langu namshukuru Mungu. Kwa goti la mama bado namwomba radhi.