Mvivu Aliyekuwa na Kihamba Safi

Nilipelekwa Kibosho kwa sababu nilisema kweli mkutanoni. Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Uganda, nami nilikuwa mpiga picha katika idara moja ya filamu Dar es Salaam, mwanamke pekee mwenye kazi hiyo pale. Siku hiyo Mkurugenzi wetu aliuliza kwa nini wananchi husinzia wakionyeshwa filamu zetu. Wenzangu walitaja joto. Mmoja alitaja lishe. Mimi nikasema wanasinzia kwa sababu filamu zenyewe zimelala.

Wiki iliyofuata nikapewa barua. Niende majuma mawili katika shule moja ya sekondari kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nikafundishe historia ya sinema na utengenezaji wa filamu, ili vijana wajieleze wenyewe. Pamoja na barua nikapewa hati ya filamu ambayo vijana hao wangejieleza kwayo. Mkurugenzi alikuwa ameshaiandika.

Asubuhi ya safari niliambiwa Land Rover ya idara imekwenda kwenye arusi ya mpwa wake Mkurugenzi. Nikapanda basi. Projekta ikafungwa juu ya keria pamoja na magodoro, kamera nikaipakata kama mtoto mchanga.

Korogwe tulisimama tukala wali na maharage. Jirani yangu kitini, mfanyabiashara wa vitunguu aliyekuwa anarudi kwake Kiboriloni, hakuweza kuvumilia tena.

“Mama, humo ndani mna nini?”

“Kamera ya sinema.”

Akatoa kitana mfukoni, akachana nywele, akafunga kifungo cha juu cha shati. Alikaa hivyo hadi Same, shingo imenyooka, akitazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Sikuwa na moyo wa kumwambia kuwa sanduku la kamera limefungwa.

Moshi tuliingia jioni, mlima umefunikwa wote. Mwenye nyumba ya wageni alinyoosha kidole kwenye mawingu akanihakikishia kuwa upo pale. Nilikubali bila ubishi. Kuamini nisichokiona ilikuwa sehemu ya kazi yangu serikalini.

Siku ya pili nilipata lifti ya gari la misheni lililobeba saruji. Barabara ya kupanda Kibosho ilikuwa mawe matupu, nami nilifika shuleni mweupe kuanzia kichwani hadi viatuni. Mwalimu Mkuu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipokea kwa mikono miwili huku akichungulia nyuma yangu.

“Karibu sana. Na mtaalamu anakuja na gari jingine?”

“Mtaalamu ndiye mimi, Mwalimu. Gari liko arusini.”

Jumatatu asubuhi tukaziba madirisha ya bwalo kwa mablanketi, jenereta ikawashwa, na wanafunzi thelathini na wanne wa kidato cha tatu wakakaa mbele ya shuka jeupe. Niliwaeleza jinsi sinema ilivyoanza, picha fupi zisizo na sauti, watu wakishangaa kuona watu wenzao wanatembea ukutani. Kisha nikafika kwenye sehemu niliyoipenda zaidi, yaani jinsi wakoloni walivyotumia sinema kutufundisha kwamba sisi ni wajinga. Nilikuwa nimebeba mfano kutoka stoo yetu, filamu ya zamani ya kilimo cha kahawa iliyopigwa miteremko hiyo hiyo. Ndani yake mlikuwa na Mchapakazi, mwenye kihamba cha kupendeza, shamba la kuizunguka nyumba yake, migomba na kahawa vimepangana, na Mvivu, mwenye shati lililochanika, amelala chini ya mti huku magugu yakimzidi kimo.

Uso wa Mvivu ulipojaa kwenye shuka, bwalo zima lilipiga kelele.

“Babu Aloisi!”

Mpishi wa shule alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Mzee Aloisi alikuwa amezeeka, lakini pua na masikio yalikuwa yale yale. Nilizima projekta haraka, nikaenda kumwamkia.

“Shikamoo, Mzee. Samahani. Sikujua.”

“Marahaba, mwanangu. Washa tu. Mimi nimeshaizoea.”

Wanafunzi walikataa niwashe. Walitaka aeleze. Akaegemea mlango, akaeleza kwa sauti ya mtu anayeagiza kuni.

“Mzungu wa kilimo alikuja kwangu kwa sababu kihamba changu kilikuwa safi kuliko vyote. Wakakipiga picha. Halafu wakamsimamisha mtu mwingine mle, eti ndiye mwenyewe. Mimi wakanipa shati bovu, wakanipeleka kwenye pori, wakaniambia lala. Nikalala. Nilidhani ni mchezo.”

“Kisha?” aliuliza msichana wa mbele, Manka, ambaye tangu mwanzo hakuacha kuandika.

“Kisha gari la sinema likazunguka mlima wote. Nilikuwa nimeposa binti kule Kilema. Baba wa binti akanirudishia pombe yangu ya posa, akasema mwanawe haolewi na mvivu. Nikamwambia, njoo basi ukione kihamba changu. Akasema, nimeshakiona kwenye sinema.”

Mzee akarudi jikoni, nami nikamaliza kipindi kwa maneno makali juu ya ukoloni. Yalikuwa mazuri sana, nakumbuka niliyafurahia.

Jumatano nikagawa hati ya Mkurugenzi. Iliitwa Ujenzi wa Taifa. Ilihusu mtu anayelima kwa bidii katika shamba la ujamaa, na mwingine, mwenye shati lililochanika, anayejificha kwenye kihamba chake. Wanafunzi walisoma hadi mwisho. Manka akanyoosha mkono.

“Mwalimu, hii si ile ile?”

“Ile ilikuwa ya wakoloni,” nilisema. “Hii ni yetu wenyewe.”

“Na Mvivu naye ni wetu wenyewe?”

Niliangalia saa. Kengele ilikuwa mbali. Nilikuwa nimeisoma hati ile Dar, nikaisoma tena kwenye basi, na sikuwa nimeona kitu. Tangu Jumatatu nilikuwa nikiwachapa wazungu waliokwisha kuondoka, na kwenye mkoba wangu nilikuwa nimebeba filamu yao iliyoandikwa upya.

Alhamisi, Katibu wa tawi la chama alikuja kusimamia. Shamba lake la ujamaa lilikuwa kipande kidogo bondeni kilichoota magugu vizuri sana, kwa sababu kila mtu alikuwa na kihamba chake. Aliisoma hati, akaipenda, na alikuwa ameshapata Mvivu.

“Mzee Aloisi. Haji shambani hata siku moja. Na tena ana uzoefu.”

“Mzee anapikia watoto mia mbili tangu alfajiri,” alisema Mwalimu Mkuu.

“Ndiyo maana nasema haji.”

Nilimfuata Mzee jikoni nikamwambia anaweza kukataa.

“Nikikataa, mwanangu, atasema nimekuwa mvivu hata wa kuigiza. Na hii kazi ya upishi ni yeye aliyeipigia muhuri.”

Jioni ile wanafunzi walikaa wakapanga, na mpango wao ulikuwa rahisi kuliko wowote niliofundishwa ng'ambo. Hakuna atakayeigiza. Kila mtu apigwe picha mahali pake, katika kazi yake, amevaa nguo zake. Ilibaki kumridhisha Katibu.

“Katibu,” nilimwambia, “huyu Mchapakazi anahitaji mtu mwenye hadhi. Sijui kama ungekubali...”

Alikubali kabla sijamaliza. Habari za Mvivu akazisahau pale pale.

Jumamosi alifika bondeni na suti mpya ya mifuko minne. Manka alikuwa nyuma ya kamera. Nilikuwa nimemfundisha asiache kupiga mpaka aambiwe, naye hakuacha. Katibu alipiga jembe mara saba. Akafuta jasho ambalo lilikuwa bado halijatoka. Akaagiza chai ya maziwa, akaketi kwenye kiti kilichobebwa na wanachama wawili, kisha akaanza hotuba.

“Katibu, kamera hii hairekodi sauti,” nilimwambia.

“Haidhuru. Watanielewa.”

Alihutubia mkanda mzima. Mikanda miwili iliyobaki tulipanda nayo kwa Mzee Aloisi, tukampiga picha akipogolea kahawa yake, akikata jani la mgomba, akimwonyesha Manka namna ya kushika mkasi. Tulipomaliza aliniuliza jambo moja tu.

“Hamtaweka mtu mwingine humu?”

“Hatutaweka, Mzee.”

Dar nilihariri kama wanafunzi walivyoandika kwenye karatasi. Mkurugenzi akatazama, akampenda sana Katibu, akasema mtu yule ana sura ya uongozi. Kuhusu Mzee Aloisi alifikiri kidogo, akachukua kalamu, akaandika maneno ya kusomwa juu ya picha: “Huyu naye amejificha kihambani kwake wakati wenzake wanalijenga taifa.”

“Sauti itarekodiwa Jumatatu,” alisema.

Niliogopa, sitaki kujisifu. Nilikuwa na mama wa kutunza na chumba cha serikali. Lakini filamu yetu ilikuwa ya aina isiyo na nakala, mkanda uliopigwa ndio huo huo unaoonyeshwa. Jumapili niliufunga kwenye bati la biskuti, nikamkabidhi dereva wa basi la Moshi, nimeandika jina la shule. Jumatatu nikamwambia Mkurugenzi kuwa filamu imekwenda kwa wenyewe.

Nikahamishiwa stoo, kuhesabu balbu. Nilikaa huko miaka mitatu, na hapo ndipo nilipojifunza lile nililotumwa kufundisha. Mimi na yule mzungu wa kilimo tulikuwa na kamera ya namna moja, na tofauti yetu ilitokana na swali la msichana wa kidato cha tatu.

Manka aliniandikia barua. Walikodi projekta, wakaonyesha filamu bwaloni jioni, na wazazi walikuja hadi wakajaa madirishani. Katibu aliomba sehemu yake irudiwe mara mbili, na watu walicheka hadi machozi. Yeye alidhani ni furaha, akasimama akawapungia mkono. Mzee Aloisi alitazama sehemu yake yote akiwa amesimama. Ilipokwisha alisema mti wa pili kutoka kushoto ulihitaji kukatwa zaidi, kisha akaingia jikoni, maana maharage yalikuwa yameanza kuungua.