Wifi Yake Balbaara

Balbaara alipenda msimu ambao sisi wengine tunauvumilia tu. Mwezi wa Januari, ukungu ukilala juu ya mto Lena na shuka zilizoanikwa zikisimama kama mbao, yeye alijifunga skafu mpaka puani, akavaa mabuti ya manyoya, akatoka kutembea. Hakuwa na anakokwenda. Alishuka mtoni, akasimama kusikiliza pumzi yake ikiganda na kuchakacha hewani, kisha akapanda tena, kope nyeupe kwa jalidi, anacheka peke yake kama mtu aliyetoka kwa mpenzi.

Akirudi alikaa kando ya jiko la kuni, akanywa chai ya maziwa, akatoa singa za mkia wa farasi na kuanza kusuka. Alisuka picha za kutundika ukutani. Ukimkuta katika kazi hiyo hakuinua kichwa. Alikuonyesha kiti kwa kidevu, ukakaa, ukatazama vidole.

Mumewe alikuwa marehemu. Aliishi na wifi yake, Maappa, dada wa mume, ambaye hakuwahi kuolewa. Maappa hakupenda kutembea wala kusuka. Alipenda karata na maneno.

"Wifi, leo hata mbwa wamegoma kutoka," alimwambia. "Wewe huko mtoni unamfuata nani?"

"Naukimbia mdomo wako."

"Basi kimbia usirudi. Nyumba hii ni ya kaka yangu."

"Kaka yako alinioa mimi, hakukuoa wewe."

Walijibizana hivyo miaka na miaka, nasi tukacheka, tukijua mawifi ndivyo walivyo.

Siku moja baridi ilikuwa imepita hamsini chini ya sifuri, na shule ilikuwa imefungwa. Maappa alikuwa na wageni wawili wa karata. Balbaara alipotoka tu, Maappa akainuka akashindilia komeo.

"Leo mpenda baridi ataishiba," akasema, na wenzake wakacheka.

Balbaara alirudi akakuta mlango haufunguki. Akagonga. Ndani wakanyamaza, halafu wakaangua kicheko. Akagonga tena. Maappa akaita, "Nani? Hatununui kitu leo!" Kisha mchezo ukanoga, wakamsahau.

Alivua glavu ili apenyeze vidole kwenye ufa wa mlango na kulisukuma komeo. Chuma kikamshika ngozi. Ingekuwa mimi ningekimbilia kwa jirani mara moja, na jirani ni mimi, nyumba ya mwisho wa njia. Yeye alikawia pale. Alipofika kwangu alinisukumia mlango kwa bega, mikono ameinyoosha mbele, vidole vyeupe kama mishumaa. Havikuwa vikimuuma. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Kwa nini hukuja mapema?" nilimuuliza huku nikimfunga mablanketi.

"Niliwasikia wakicheka," alisema. "Nikajua watafungua."

Hospitali ya wilaya walikata. Mkono wa kulia ulibaki na gumba, wa kushoto na vidole viwili visivyokunjika.

Maappa hakuomba radhi. "Mzaha tu ule," aliwaambia watu dukani. "Nani alimwambia avue glavu?" Na watu, Mungu atusamehe, hawakumlaumu sana. Mmoja alisema, "Si alikuwa anaipenda baridi? Basi na yenyewe imempenda." Msemo huo ulizunguka kijiji kizima, na Balbaara mwenyewe ukamfikia.

Wakaendelea kuishi pamoja, maana hakuna aliyekuwa na pengine pa kwenda upesi. Maappa alimlisha, akamvika koti, akamfunga vifungo na kamba za mabuti, na Balbaara akatoka kutembea vilevile. Baridi ya mwaka uliofuata ilipoingia, Balbaara alimwekea wifi yake mapajani picha ambayo haikuwa imekwisha, ya farasi jike na mwanawe.

"Maliza."

"Mimi? Sijui kitu mimi."

"Nitakufundisha kwa mdomo. Vidole ulishanichukulia."

Kila nilipopita kwao jioni nilimsikia Balbaara akisema neno moja: "Fumua." Maappa alifumua. Singa zilimkata ngozi, machozi yakamtoka, akafumua tena. Wakati mwingine kazi ilikuwa safi, hata mimi niliona, lakini Balbaara alisema, "Fumua," na Maappa hakubisha. Sijui alikuwa akilipa au akiogopa.

Lakini mkono hujifunza. Maappa akaacha karata. Wenzake walipokuja aliwaambia ana kazi. Jioni moja nilikuwepo, nimewapelekea samaki, nikamsikia akiimba chini chini. Akaita kama mtoto:

"Wifi, njoo uone! Sikio la mtoto limekaa, eh? Limekaa kabisa!"

Balbaara aliinama akatazama muda mrefu. "Limekaa," alisema.

Kisha akaibana ile picha kati ya viganja vyake, akafungua mlango wa jiko kwa kiwiko, akaitia motoni. Harufu ya singa zikiungua ikajaa chumbani. Maappa alibaki na mikono hewani.

"Kwa nini, wifi?"

"Umeanza kuipenda kazi hii, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na mimi niliipenda."

Wiki ile ile Maappa alipanda lori kwenda mjini Yakutsk kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Hakuaga mtu.

Balbaara akabaki peke yake na koti asiloweza kulifunga. Nilimkuta njiani akitembea amelibana kwa viwiko, shingo wazi. Tangu hapo naenda kwake kila asubuhi kumfunga vifungo. Hanishukuru, nami sijadai shukrani.

Mwaka huu nilikwenda mjini kwa shughuli zangu, nikamwona Maappa. Kuta za nyumba ya mpwa wake zimejaa picha za singa, na wanawake wa mtaa wanakuja kujifunza kwake. Wanamwita mwalimu. Niliporudi nikamsimulia Balbaara huku nikimfunga koti. Labda ningenyamaza, lakini angesikia kwa wengine.

Alisimama mlangoni, skafu puani, glavu zimejaa hewa mahali pa vidole.

"Nifungue," akasema. "Leo siendi."

Nikamfungua vifungo kimoja kimoja, naye akarudi kukaa kando ya jiko, akaitazama mikono yake.