Theluji ya Mutuini

Nimeishi Mutuini miaka hamsini na tatu na sijawahi kuona theluji. Baridi ya Julai naijua. Mvua ya mawe naijua pia, ilishawahi kunichania sukuma wiki yote hadi mbuzi wakaisusa. Lakini theluji, hapana. Kwa hivyo nilipoiona imeanguka upande wa chini wa shamba langu mwenyewe, juu ya reli ambayo marehemu mume wangu aliipita miaka ishirini na sita akiwa gadi wa treni, nilishikwa na hasira ambayo haijaniisha.

Wa kuelezwa kwanza ni Zedekiah, maana haya yote ni yake.

Zedekiah ni mpangaji wangu, chumba cha tatu, kile kilicho karibu na tangi la maji. Alitoka upande wa Bungoma, akawa mpiga picha wa barabarani katikati ya jiji. Watu waliotoka mashambani walimtafuta awapige picha mbele ya majengo marefu, na maharusi pia, na wanafunzi waliohitimu. Kisha kila mtu akapata kamera yake mfukoni, kazi ikafa. Siku hizi ana kibanda karibu na soko, anapiga picha za pasipoti na kuandika mabango ya maduka. Ni mtu wa miaka hamsini na miwili. Akinisalimia huvua kofia, na sijawahi kumsikia akigombana na mtu penye bomba la maji, jambo ambalo siwezi kusema juu ya wapangaji wengine.

Ugonjwa wake ni treni. Mvua ya jioni ikianza, wenzake wanakimbilia kuanua nguo. Yeye anavaa gambuti, viatu vyake vya mpira. Anafunga kamera kwa karatasi ya nailoni ya mkate, anashuka kwenye kona ya reli, anangoja treni ya abiria inayotoka mjini, ile inayopita kwetu kama saa moja na nusu usiku. Nilidhani ana wazimu. Nilipomuuliza alinijibu, "Mama Wangui, mchana treni ni bati tu. Usiku, mvua ikinyesha, unaona mwanga ukitembea."

Nilimkubali kwa sababu alikuwa na adabu ya reli. Fidel, mkuu wa kituo chetu, alikuwa amempa ruhusa ya mdomo: asimame nyuma ya jiwe jeupe, na asiwashe taa yoyote. Asibebe tochi, na hata simu iwe imezimwa. Zedekiah hukaa gizani kama kigingi mpaka taa ya treni yenyewe imulike mvua, ndipo anabonyeza mara moja, ikizidi sana mara mbili. Akikosa, anangoja mvua nyingine. Na mimi najua sababu ya sharti hilo. Mume wangu alinieleza tukiwa wachanga katika ndoa: taa yoyote, ya rangi yoyote, ikipungwa usiku kando ya reli, dereva haulizi, anasimamisha. Labda daraja limebebwa na maji. Labda kuna mtoto relini.

Mwezi wa Aprili akaja Jeremy. Anakaa Muthangari, ni kiongozi wa chama fulani cha wapiga picha. Alikuwa ameona picha za Zedekiah pale kibandani akataka aonyeshwe mahali. Alikuja na wenzake watatu, amevaa koti jekundu, akaniuliza kama mbwa anauma huku tayari anakanyaga dania yangu. Akanipiga picha bila hodi. Nikamuuliza kama kwao ndivyo wanavyofanyia wazee. Akacheka kana kwamba mimi ni bibi yake. "Relax, shosh, umetoka poa sana."

Walipita zizini wameziba pua. Halafu mmoja wao akaomba choo, na alivyokiacha siwezi kuandika hapa. Ng'ombe wangu ana heshima zaidi. Zedekiah aliwapa chai kwa vikombe vyangu, akawaeleza sharti la taa mara mbili. Nilimsikia nikiwa mlangoni pa jikoni. Waliitikia kwa vichwa kama mtu anavyomwitikia askari wa geti.

Jioni mvua ilipoanza wakashuka naye relini. Nilikuwa nachambua maharagwe niliposikia breki. Mjane wa gadi haambiwi ule mlio ni wa nini. Nikachukua mwavuli nikashuka kwenye matope. Treni ilikuwa imesimama kwenye kona, watu wamening'inia milangoni, mama mmoja ameshika mdomo na damu imelowesha leso yake. Dereva alikuwa ameshuka mvuani anauliza kuna nini relini, na relini hapakuwa na kitu. Fidel akafika kwa bodaboda, akauliza ni nani aliyepunga taa. Wageni wanne waliangalia viatu vyao. Sikuwa nimeona, kwa hivyo nikamtazama Jeremy nikingoja aseme.

Zedekiah ndiye aliyepiga hatua mbele, akavua kofia katika mvua ile yote. "Ni mimi, Bwana Fidel."

Fidel alimwambia ruhusa imekwisha siku hiyo, na akionekana tena kando ya reli atakabidhiwa polisi. Jeremy alifungua mdomo mara moja tu, akiuliza kama gari lake liko salama pale barabarani.

Nilimgombeza Zedekiah siku tatu. Akasema kwao mtu akipeleka wageni katika boma la wenyewe, watakachovunja ni chake. Nikamwambia mgeni anayetazama mwenyeji wake akiliwa badala yake, kisha anarudi nyumbani kuoga maji moto, huyo si mgeni, huyo ni kupe. Mvua za masika ziliisha akiwa amekaa chumbani, taa imezimwa, anasikiliza treni ikipita. Akampa jirani gambuti zake. Hapo ndipo niliumia.

Mwezi wa Juni binti yangu Wangui, anayefanya kazi ya ofisi mjini, alinipigia simu kwamba kuna maonyesho ya picha katika ukumbi fulani karibu na kazini kwao, na moja ni ya kwetu. Nikavaa koti langu la kanisa nikaenda naye. Watu wamesimama na glasi, wanakula vipande vya nyama kwenye vijiti vya meno. Picha yenyewe ilikuwa kubwa kama mlango. Ile kona yetu. Mkaratusi wangu. Taa ya treni inakuja. Na theluji. Theluji juu ya reli, theluji juu ya mkaratusi, theluji juu ya mabati ya choo changu. Walikuwa wameifuta mvua yote kwa kompyuta wakanyunyiza pamba. Chini yake jina la Jeremy, na maneno kwamba alivumilia usiku mwingi wa baridi. Nilitaka kutema mate, lakini chini palikuwa na zulia.

Ndipo nikaangalia vizuri. Kushoto palikuwa na upinde mkubwa wa mwanga, na mwisho wa ule upinde, mkono wa mtu mwenye koti jekundu. Kulia, pembeni kabisa, mtu mwenye kofia na gambuti, mikono yake miwili imeshika kamera iliyofungwa kwa karatasi ya mkate.

Jeremy akanijia anatabasamu. "Shosh, umekuja!"

Nikamuuliza ni nani yule mwenye taa. Akajivuna mbele ya watu wake. "Huyo ni mimi. Kamera ilikuwa imejisimamia kwa miguu yake. Ilibidi nipunge mara nne ndiyo ile line ya mwanga itokee."

"Basi andika hapo chini kwamba mara ya nne kuna mama alipasuka mdomo."

Sikupaza sauti. Waliokuwa karibu waliacha kutafuna. Jeremy akacheka kidogo, akaagiza niletewe juisi, nami nikaiacha mezani. Kile kijitabu chao cha picha, kinachotolewa bure, nilikichukua.

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni pa Fidel kabla hajafungua. Akavaa miwani. Yeye ni mtu wa reli, hiyo theluji hakuiangalia hata kidogo. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye upinde, kikafuata hadi koti jekundu. Nikamwambia maneno ya Jeremy kama yalivyotoka, Wangui akiwa shahidi. Kisha kidole kikahamia pembeni, kikakaa juu ya ile karatasi ya mkate.

"Huyu mikono yote miwili ina kazi," akasema. Akavua miwani. "Mwambie arudi. Peke yake."

Zedekiah hakufurahi nilivyotarajia. Kwanza aliuliza kama nimemwaibisha mgeni wake. Nikamwambia ndiyo, na nikimpata tena nitarudia. Akatazama picha muda mrefu, mpaka chai yake ikapoa.

"Siku ile mvua ilikuwa nzuri sana," akasema. "Ameitupa yote."

Julai manyunyu yakaanza saa kumi na mbili jioni, na kabla ya saa moja nilimsikia kwa jirani akidai gambuti. Nilizima taa ya jikoni nikasimama mlangoni. Kule chini sikuona mtu, na ndivyo inavyotakiwa. Treni ilitokea kwenye kona, mvua yote ikawaka mbele yake, ikapita bila kupunguza mwendo.

Nikawasha taa nikarudi kwenye maharagwe.