Kumvusha Mgonjwa Hadi Kemondo

Watu wa Bukoba wakisikia umeenda misheni ng'ambo, wanadhani umepanda ndege. Ng'ambo yangu mimi ilikuwa visiwa vya Muleba, kwenye makambi ya wavuvi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina Biblia mpya, na mahubiri yamenijaa kichwani. Siku ya kwanza tu mwinjilisti wetu akanipa beseni.

"Utahubiri baadaye," alisema. "Kwanza waogeshe wagonjwa."

Nikaogesha. Wavuvi walitoka kila mahali, na mtu akiugua ugonjwa ule wa kukondesha, wenzake walimhamishia kibanda cha mwisho, wakamwachia dumu la maji, wakaenda zao ziwani. Nilichukia harufu. Nilichukia nzi. Nilichukia hata nyimbo zetu, tunaimba kwa nguvu huku mtu anakohoa nyuma ya ukuta wa nyasi.

Mmoja wao alikuwa Mhaya kama mimi, kwao juu ya bandari ya Kemondo. Amebaki mifupa na mdomo. Alitaka kitu kimoja tu, kufika kwa mama yake akiwa hai.

"Hapa wanatuzika mchangani," aliniambia. "Mvua ikinyesha, miguu inatokeza. Mimi nina kibanja, dada. Nina migomba."

Na ilibidi afike hai, kwa sababu mwenye mtumbwi wa injini alitwambia wazi: "Mgonjwa nabeba. Akikata roho humu, namshusha kisiwa chochote kilicho karibu. Nikibeba maiti, dagaa wangu atanunua nani?"

Mwinjilisti akataka tusubiri Jumapili, mgonjwa abatizwe mbele ya watu. Nilimwambia huyu hafiki Jumapili. Akasema nina haraka za kitoto. Mgonjwa akafungua jicho moja.

"Waitu mwinjilisti," akasema kwa heshima ya Kihaya, "nibatize njiani. Ziwa lote hili ni maji."

Mwinjilisti alijizuia, akashindwa, akacheka. Akambatiza palepale kwa kikombe chetu cha uji, akaniambia nimsindikize kwao.

Tuliondoka asubuhi. Nilimlaza juu ya magunia ya dagaa, kichwa chake mapajani kwangu. Upepo ulipoanza, akanyamaza. Mwenye mtumbwi akageuka.

"Binti, huyo bado yupo?"

"Yupo."

"Mbona hasemi?"

Nilimfinya sikio. Nikamwinamia. "Kaka, sema chochote. Hata nitukane."

Midomo ikacheza. "Uji wako," akasema, "una mabonge."

Mwenye mtumbwi akacheka, akageukia injini yake. Tangu hapo kila akinyamaza nilimchokoza, naye akanitukana: uji wangu, sauti yangu ya kuimba, miguu yangu. Tulipoiona Kemondo, tusi lilikuwa limebaki pumzi tu. Lakini lilitoka.

Vijana wa bandarini walimpandisha kwa machela ya miti. Mama yake alikuwa kibanjani, anapunguza majani ya migomba. Alipotuona aliweka panga chini. Hakulia. Alipiga magoti, akamshika mwanawe kidevu, akasubiri.

"Mawe," mwanawe akamwita kwa Kihaya. Mama.

Akabaki amemshika vile vile. Kisha akaniambia, "Wa kwanza alipotelea vitani, sikuletewa hata kofia. Wa pili aliletwa amefungwa kwenye blanketi, wakanikataza kulifungua. Huyu ameniita. Wakola muno, mwana wange."

Ni asante tu ya Kihaya, nimeisikia tangu utotoni. Nikamwomba beseni na maji ya moto, tukamwogesha pamoja.

Alikufa kesho yake. Walikata migomba kupata nafasi pembeni ya yule wa blanketi. Nilibaki mpaka udongo ulipofunikwa majani.

Niliporudi mjini, usharika uliniita mbele nimshukuru Mungu kwa muda niliotumika misheni. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, wangapi wameokoka? Nikasema sijui. Nikasema sikuhubiri hata mara moja, na namshukuru Mungu kwa beseni nililopewa, na kwa mtu mmoja aliyefika kwao akiwa bado anaweza kumwita mama yake. Wakaguna, wakingoja niendelee. Nikarudi kukaa. Wengi pale walikuwa na mtu wao visiwani.

Mlangoni mama mmoja akanivuta mkono. Mwanawe yuko kambini, hajatuma habari tangu mavuno ya kahawa.

"Unarudi lini?" akaniuliza.

"Mtumbwi ukipatikana," nikamjibu. "Nieleze sura yake."