Barua ya Mwenyekiti wa Jumuiya

Kwetu Ufukoni, Mkatoliki akifariki, katekista hupanga mazishi baada ya kupokea barua ya mwenyekiti wa jumuiya, inayoeleza kama marehemu alikuwa akishiriki sala za nyumba kwa nyumba kila Jumamosi; asiyeshiriki hazikwi kwa misa. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Kutunza kumbukumbu nilijifunza mwenyewe, na daftari langu la mahudhurio lilisifiwa parokia nzima.

Asubuhi moja alikuja mke wa fundi mmoja wa bandarini; wote wawili walikuwa watu wa kuja kama mimi. Mumewe alikuwa amefariki alfajiri. Nilifungua daftari: miezi mitatu hawakuonekana. Nilikuwa nimesikia kwamba mume anaumwa, lakini safu ya sababu niliiacha wazi, kwa kuwa hakuna aliyeniletea taarifa. Nikaandika kwamba hakushiriki. Mama yule aliisoma barua, akaikunja, akaipeleka kwa katekista.

Mchana nilikwenda msibani. Nyumba ilikuwa ya nne kutoka kwangu. Tulipita mlangoni pake kila Jumamosi tukiimba. Jirani yao, mzee wa Kiislamu mwenye shamba la korosho, alikuwa akipanga mabenchi.

"Karibu, mwenyekiti. Mmesharudi safari?"

"Safari gani, mzee?"

"Nilidhani mlisafiri wote, maana hakuna aliyeingia humu. Miezi mitatu hii tulikuwa tunamgeuza kitandani mimi na ndugu yangu. Kiharusi. Mkipita mnaimba, alikuwa anataka tumkalishe awasikie."

Sikukaa. Nilikwenda moja kwa moja kwa katekista kuiomba barua yangu.

"Kwani uliandika uongo?"

"Niliandika kilichomo kwenye daftari. Kumwona sikwenda. Kosa ni langu, asiadhibiwe yeye."

"Na kesho akifa mtoro kweli, utaniambia hayohayo?"

"Nitakuwa nimeshakwenda kwake."

Akanirudishia barua. Niliandika nyingine: kwamba marehemu alikuwa mgonjwa, na kiongozi wake hakumtembelea. Nikatia saini.

Alizikwa kwa misa. Tuliporudi kutoka makaburini nilimwendea mjane, nikamwomba radhi.

"Ya barua nimekusamehe, mwenyekiti," alisema. "Lakini kila Jumamosi aliniuliza kama leo utaingia. Radhi ya hilo si yangu kuitoa."

Akaingia ndani kuwapakulia wageni chakula.