Dawa ya Aliye Nje

Mfamasia wetu hutikisa kila pakiti ya vidonge karibu na sikio kabla ya kuitoa dirishani, kama anayechagua yai. Wagonjwa wa magonjwa ya zinaa huwasemesha kwa sauti ya chini, wasiaibike. Leo asubuhi, kutoka langoni ninapolinda, nilimwona mama mjamzito ameng'ang'ania dirisha lake.

"Dada, nipe na ya mume wangu. Kaona haya, kabaki nje kwenye pikipiki. Asipotibiwa ataniambukiza tena, na huyu wa tumboni je?"

"Sheria hainiruhusu kumpa dawa mtu nisiyemhoji."

Lakini pakiti ya pili, ya vidonge vya njano, ilikuwa tayari kiganjani. Aliitikisa sikioni, akaguna, akafunga dirisha. Akanipita langoni kwa mwendo wa mtu anayekwenda kugombana.

"Shemeji, pikipiki haitakukimbia. Kuna dawa imewahi kukudhuru?"

Mwanamume hakuvua hata kofia. "Niliwahi kupewa vidonge vya njano. Koo likavimba, nikazindukia wodini."

Mkewe, aliyekuwa amemfuata mfamasia nje, akashika tumbo. Kiganja cha mfamasia kikafumbata pakiti ile mpaka mishipa ikasimama.

"Ngoja hapo hapo," alisema, kwa sauti ambayo nusura nisiisikie. "Nakuletea nyingine."