Isale Juu ya Televisheni

Juzi nilimkuta binti yangu akicheza gemu la mizimu huku anacheka, nikakumbuka alasiri moja kwa bibi, Uru. Binamu yangu Deo alikuwa ameleta mashine ya gemu kutoka mjini. Sebule ilinuka utomvu wa ndizi, maana bibi alikuwa akimenya za mtori nyuma yetu. Kila mzimu wa mama mmoja ulipotokea ukilia, mimi nilijificha nyuma ya kochi, Deo akafyatua risasi.

"Huyo mama analilia nini?" bibi aliuliza.

"Hili gemu si la wazee, bibi," Deo alisema, lakini akasoma maandishi ya Kiingereza kwenye skrini, akatutafsiria. "Mtoto wake alizikwa bila yeye kuambiwa."

"Na nyie mnampiga risasi?"

Bibi alitoka, akarudi na jani la isale, lile ambalo kwetu mkosaji humpelekea aliyemkosea kuomba msamaha. Akaliweka juu ya televisheni. Nilidhani anaogopa mzimu utatoka mle ndani. Ukubwani ndipo nilipoambiwa kwamba kifungua mimba wake alifia ugenini, akazikwa kabla bibi hajapata habari.

Juzi, mzimu mmoja ulipotokea ukilia kwenye gemu lake, nilimwuliza binti yangu, "Huyo analilia nini?"

"Sijui, mama. Maneno huwa nayaruka."